Uvimbe wa Shingo: Picha za Hospitali Hutuonyesha Nini?

Mtu anapoota kinundu shingoni, mara nyingi huambiwa na jirani kuwa ni mtoki tu, utakwisha wenyewe. Pengine ni kweli, kwani tezi za limfu huvimba jino linapooza au koo linapouma. Lakini kwa mtu mzima, kinundu kigumu, kisichouma, kilichodumu zaidi ya wiki 3, chaweza kuwa dalili ya saratani iliyoanzia mdomoni, kooni au nyuma ya pua. Somo hili laeleza namna picha za kitabibu zinavyosaidia kutambua kuenea huko, na mahali uwezo wake unapokoma.

Kwa nini shingo?

Takriban theluthi moja ya tezi za limfu za mwili wa binadamu zimo shingoni. Huchuja majimaji yatokayo kwenye ulimi, ufizi, koo na zoloto, mfano wa wavu uliotegwa mtoni. Chembe za saratani zikimeguka kutoka zilipoanzia, aghalabu hunaswa humo kwanza. Saratani ikishafika kwenye tezi hizo, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban nusu, na mpango wa upasuaji, mionzi na dawa hubadilika. Ndiyo maana daktari hataki kukisia.

Vipimo vya picha

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti na haina mionzi. Tezi yenye afya hufanana na punje ya harage. Iliyovamiwa na saratani huelekea kuwa ya duara, na sehemu ya mafuta iliyo katikati yake hutoweka.

Sitiskani hutumia eksirei kuonyesha shingo tabaka kwa tabaka. Kwa kawaida, tezi ambayo upana wake mfupi umezidi milimita 10 hutiliwa shaka. Hata iliyo ndogo kuliko hiyo hutiliwa shaka ikiwa kiini chake kimeoza.

MRI hutumia sumaku, na hubainisha vizuri nyama laini kama ulimi. Mwenye chuma mwilini lazima amwarifu mtaalamu kabla ya kuingia.

Kipimo cha PET hutumia sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Kwa kuwa chembe nyingi za saratani hutumia sukari kwa wingi, mahali zilipo hung'aa.

Picha si hukumu

Kifua kikuu cha tezi chaweza kufanana kabisa na saratani katika picha. Kwa upande mwingine, chembe chache zilizoingia katika tezi ndogo hazionekani kwa kipimo chochote cha picha. Hivyo tezi iliyovimba si lazima iwe na saratani, na picha safi si hakikisho la usalama. Kinachothibitisha ni kuvuta chembe kwa sindano nyembamba, mara nyingi kwa kuongozwa na altrasaundi, au kuchukua kinyama na kukichunguza maabara. Kwa sababu hiyohiyo, daktari mpasuaji aweza kushauri tezi ziondolewe hata kama picha haikuonyesha kitu. Usimdhanie kuwa amekosea, mwombe akueleze.

Njia ya rufaa

Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, kisha Hospitali ya Wilaya ya Kyela. Ikihitajika, utapewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na kwa matibabu ya saratani, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Beba picha na majibu yote ya awali, ili usirudie vipimo kwa gharama mpya. Kabla ya sitiskani, mweleze mtaalamu kama una ujauzito, ugonjwa wa figo au mzio wa dawa. Asiyemudu gharama aonane mapema na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, wala asikate tamaa akabaki nyumbani.

Tujikumbushe

1. Kinundu, kidonda cha mdomoni au sauti iliyokauka kwa zaidi ya wiki 3 vyahitaji uchunguzi.
2. Kinundu kisichanjwe wala kukandwa kwa dawa ya moto.
3. Picha huonyesha pa kutazama. Sindano au kinyama ndicho kinachothibitisha.
4. Tumbaku na pombe huongeza hatari, na vikitumiwa pamoja hatari huzidi. Kuviacha leo kuna faida.