Kunyoosha uso: kisu, uzi au sindano?

LIWA iliyosagwa na kuchanganywa na marashi imetunza nyuso za akina mama wa Mji wa Kale, Mombasa, kwa vizazi vingi. Huburudisha ngozi na kuiacha laini. Hata hivyo, hakuna liwa wala krimu inayoweza kuinua shavu lililokwisha kulegea. Ndipo wengine huuliza: je, daktari anaweza kuninyoosha uso?

Anaweza, lakini kwanza msomaji ujue ni kitu gani kilichobadilika usoni mwako. Uso huzeeka kwa njia tatu: ngozi hufanya mikunjo, mafuta yaliyo chini yake hupungua, na nyama hushuka kuelekea tayani na shingoni. Kila hali ina tiba yake.

Sindano

Mikunjo ya kipaji na ya kando ya macho hutulizwa kwa sindano ya botoksi, ambayo hulegeza misuli kwa miezi 3 au 4. Mashavu yaliyobonyea huchomwa dawa nzito ya kujaza. Sindano hizi haziinui ngozi iliyoshuka.

Wengi hudhani kwamba tundu dogo ni hatari ndogo. Sivyo. Dawa ya kujaza ikiingia katika mshipa wa damu huweza kuuziba, ngozi ikafa au jicho likapofuka. Ukiona maumivu makali, ngozi kugeuka nyeupe au macho kuingia kiza, rudi kwa daktari saa hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Nyuzi

Baada ya kutia ganzi, daktari hupitisha chini ya ngozi nyuzi zenye vijimeno, kisha huzivuta. Nyingi huyeyuka zenyewe, na aghalabu uso hurudi ulivyokuwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Zinafaa kwa ulegevu mdogo tu.

Upasuaji

Hapa daktari hupasua mbele na nyuma ya sikio, huinua ngozi, kisha hukaza tabaka la misuli na utando lililo chini yake. Tabaka hilo lilielezwa na Mitz na Peyronie wa Ufaransa mwaka wa 1976. Zamani ngozi peke yake ndiyo iliyovutwa, ikalegea upesi. Sasa matokeo huweza kufikia miaka 10.

Hatari zipo. Damu huweza kuvilia chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za kwanza. Kwa hiyo shinikizo la damu lidhibitiwe mapema. Mshipa wa fahamu ukijeruhiwa, mdomo huenda upande. Mvutaji sigara aache angalau wiki 4 kabla, la sivyo ngozi hukosa damu na kufa.

Tazama masikio yako

Ngozi nyeusi huchelewa kukunjamana, lakini huota makovu ya keloidi kwa urahisi zaidi. Chunguza mahali ulipotogwa masikio. Ikiwa paliota kovu gumu lililovimba, mwambie daktari mapema, maana kisu cha upasuaji huu hupita papo hapo.

Nani ameshika sindano?

Saluni si hospitali. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya lina orodha ya waliosajiliwa, na mwananchi yeyote anaweza kuitazama. Muulize daktari: umesomea upasuaji huu wapi? Umeufanya mara ngapi? Nikipata shida usiku nimpigie nani? Asiye na majibu, muage uende zako.