Mdahalo wa Papo kwa Papo Darasani

Swali: Mwalimu wa sekondari mwenye kipindi cha dakika 40 anawezaje kuendesha midahalo ya ghafla bila wasemaji wachache kuhodhi mazungumzo?

Jibu: Mdahalo wa papo kwa papo, yaani ule ambao msemaji hupewa mada na upande wa kutetea muda mfupi tu kabla ya kuzungumza, hauhitaji jukwaa. Wanafunzi wakipangwa wawili wawili, wakapewa dakika 1 ya kufikiri, kisha kila mmoja dakika 2 za kujenga hoja na 1 ya kujibu, darasa zima huwa limezungumza katika dakika 7. Kwa kuwa jozi zote huzungumza kwa wakati mmoja, kelele hazina budi kuvumiliwa.

Kinachokula muda ni salamu. Desturi ya kumwamkia mwenyekiti, katibu na mtunza saa asiyepoteza hata sekunde hupendeza katika mdahalo rasmi, lakini hapa humaliza nusu dakika kabla hoja haijatamkwa, hivyo ni afadhali iachwe. Mada kongwe ya nani bora kati ya mwalimu na daktari nayo imechakaa, kwa kuwa majibu yake hukaririwa.

Zoezi lenye manufaa zaidi ni la kujibu hoja, ambapo mwanafunzi hulazimika kwanza kuitaja kwa haki kauli ya mpinzani ndipo aibomoe: “Mwenzangu anasema simu husaidia kutafuta maana ya maneno, lakini kamusi hailii katikati ya somo.” Baada ya hapo pande hubadilishwa, na aliyepinga simu huanza kuzitetea.