Usitupe Vipande: Shona Kitu Kitakachovaliwa Masukulu

Pita kwa fundi wako leo jioni, kabla hajafagia. Chini ya kila cherehani pale barazani kuna vipande: pembe za kitenge, kijisehemu cha khanga, mabaki ya sare, bitana iliyozidi. Vingi vinaishia kuwashia moto. Muombe akuwekee. Mpelekee mfuko wako mwenyewe, na ukisema utarudi Ijumaa, rudi Ijumaa.

Hicho ndicho kitambaa chako cha kuanzia. Ongeza mkasi unaokata vizuri, tepu, chaki, uzi wa pamba na sindano. Cherehani ya miguu ikiwepo ni heri, maana haijali umeme ukikatika. Isipokuwepo, mkono unatosha kwa karibu kila kitu nitakachokueleza hapa.

Ila kabla ya kukata, uliza. Wenye moyo mwema wengi hushona kwanza, ndipo watafute wa kumpa. Wewe anza upande wa pili. Nenda zahanati, msalimie muuguzi, msubiri amalize kazi, kisha muulize: akina mama wanaojifungua hapa wanakosa nini? Shuleni muone matroni au mwalimu wa malezi. Mtendaji wa kijiji na wazee wa kanisa wanazijua kaya zenye shida kuliko mtu yeyote. Andika kwenye daftari kitu gani, saizi gani, vingapi. Ukurasa huo ndio utakuongoza.

Kwa huku kwetu Masukulu, wilayani Rungwe, majibu hayatakushangaza. Baridi ya Juni na Julai unaijua, na mvua yetu haina haraka ya kuondoka. Mtoto mchanga anahitaji kufunikwa kichwa. Msichana anahitaji taulo ya kike inayokauka hata wiki isiyo na jua. Mwanafunzi anahitaji sare isiyomwachia magoti wazi asubuhi ya ukungu.

Vipande vikifika nyumbani, vifue. Kitenge kipya kina gundi ya kiwandani na kinaweza kuvuja rangi na kusinyaa. Rangi kali, hasa nyekundu na bluu nzito, ziloweke peke yake mpaka maji yatoke safi. Anika, piga pasi, ndipo upange.

Panga kwa aina, siyo kwa rangi tu. Pamba ikae na pamba. Kama huna uhakika, chomoa uzi mmoja uuchome kwenye kiberiti, mbali na vipande vingine. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Chochote kitakachogusa ngozi ya mtoto au kunyonya unyevu kiwe pamba. Poliesta ibakie ya mikoba.

Anza na kofia

Kofia ya mtoto ni kazi ya nusu saa, na faida yake ni kubwa. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hana mafuta ya kutosha mwilini na hupoteza joto upesi. Wauguzi humweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kile wanachokiita huduma ya kangaruu, na kichwani humvalisha kofia. Kofia yako inaingia hapo.

Tafuta fulana kuukuu ya pamba, laini, inayovutika. Ya mtumba inafaa sana kwa sababu imeshafuliwa mara nyingi. Usiikate popote tu: tumia upindo wa chini wa fulana kama ukingo wa kofia. Umeshashonwa, tena unavutika, kwa hiyo umejipunguzia kazi.

Kunja fulana, mkunjo uwe ubavuni. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, pima sentimita 17 kutoka kwenye mkunjo na sentimita 18 kutoka kwenye upindo kwenda juu. Kwa njiti, pima 13 kwa 15. Juu chora nusu duara kwa kutumia sahani, kata, kisha shona kuanzia ubavuni hadi juu, ukiacha sentimita moja ya mshono.

Kama cherehani yako inashona mstari ulionyooka tu, vuta kitambaa kidogo wakati unashona. Ukimaliza, ivute kofia kwa mikono miwili. Uzi ukilia au ukikatika, fumua urudie. Geuza, pitisha kidole ndani, tafuta fundo la uzi. Fundo dogo unaloliona si kitu linakwaruza ngozi ya mtoto wa kilo moja na nusu.

Usiweke kifungo, ushanga wala kamba. Najua unatamani kupamba, lakini kinachochomoka huishia mdomoni, na kamba huzunguka shingo. Uzuri uutoe kwenye rangi.

Shona angalau saizi mbili. Zifue tena, zikaushe kabisa, zipige pasi, zifunge kwenye mfuko safi ulioandikwa saizi. Hospitali ya Igogwe na ya wilaya pale Makandana, Tukuyu, ni mahali pa kuulizia zikizidi mahitaji ya zahanati yako. Na kama unapenda kufanya kazi kwa kulenga tarehe, lenga Siku ya Mtoto Njiti Duniani, 17 Novemba. Anza Septemba.

Taulo inayokauka hata mvua ikinyesha

Hii naipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo inayofanywa vibaya zaidi. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata ikairudisha. Nyumba nyingi bado zinaona pakiti ya kila mwezi ni mzigo. Taulo ya kufua inasaidia, lakini ikiwa nene na imeshonwa tabaka zote pamoja, huku kwetu haitakauka. Itabaki na unyevu ndani, itanuka, na msichana ataiacha.

Kwa hiyo ishone sehemu mbili. Ya kwanza ni ganda: kipande chenye mabawa mawili yanayokunjwa chini ya chupi na kufungwa kwa kifungo cha kubana. Urefu wa ganda uwe sentimita 26, upana wa katikati sentimita 8, na mabawa yakifunguliwa yafike sentimita 19 kutoka ncha hadi ncha. Juu weka pamba laini, chini weka kitambaa kizito kisichopitisha maji haraka. Shona mikanda miwili myembamba juu ya ganda, mmoja kila mwisho, ya kushikilia kipande cha pili.

Kipande cha pili ni kitambaa tu. Chukua flaneli ya pamba, kata 23 kwa 26, pinda kingo zote ubaki na 21 kwa 24. Ukikikunja mara tatu unapata ukanda wa 7 kwa 24, unaoingia chini ya ile mikanda miwili. Kikifuliwa kinafunguka chote, kinakuwa tabaka moja, na jua la saa chache linakimaliza. Siku ya mvua, pasi inamalizia.

Chagua khanga au kitenge chenye rangi nzito kwa ganda. Msichana anataka kuanika bila macho ya watu kumfuata. Mpe maganda mawili au matatu, vitambaa vya ndani sita au zaidi, na kipochi cha kubebea kinachofungika vizuri. Ukiweza, ongeza sabuni na chupi mbili mpya, kwa sababu taulo bila chupi haina pa kukaa.

Usimkabidhi ukaondoka. Mweleze, au mwombe matroni aeleze: loweka kwenye maji baridi kwanza, maana maji ya moto hugandisha doa, fua kwa sabuni, suuza mpaka maji yawe safi, anika juani au piga pasi mpaka ikauke kabisa. Haiazimwi. Maelezo haya yatolewe mahali pa faragha, wasichana peke yao.

Blanketi la vipande

Hapa ndipo pembe za kitenge zinapopata kazi. Kata kadibodi ya sentimita 12 kwa 12, hiyo ndiyo kipimo chako. Kata miraba 64. Ukiacha mshono wa sentimita moja kila upande, miraba minane kwa minane inakupa sentimita 80 kwa 80, blanketi zuri la mtoto.

Itandaze yote kitandani kabla ya kushona hata mmoja. Rangi nzito zitawanye. Kisha unganisha mstari kwa mstari, piga pasi kila mstari, ndipo uunganishe mistari. Mgongoni weka flaneli au shuka laini. Zilaze pande nzuri zikitazamana, piga bandi kuzunguka ili zisiteleze, shona ukiacha uwazi wa kiganja, geuza, funga uwazi kwa mkono. Mwisho pitisha mstari wa cherehani kila baada ya miraba miwili ili nguo mbili zisitengane zikifuliwa.

Ukiwa na khanga ndani ya blanketi, soma jina lake kabla ya kukata. Maneno yale hubeba ujumbe, na mengine yalitungwa kumsuta mtu. Usimfunike mtoto wa jirani kwa masuto. Kata jina, utumie mji na pindo.

Sare

Ada imefutwa shule za msingi na sekondari za serikali, lakini sare bado ni ya mzazi. Ukishona sketi au kaptula ya msaada, acha upindo wa sentimita 6 mpaka 8 chini, na lastiki nyuma ya kiuno. Mtoto atarefuka, utateremsha upindo, sare itamfaa mwaka mwingine. Makalioni na magotini weka kiraka kwa ndani tangu mwanzo, kabla ya kuchanika. Na hakikisha rangi inafanana kabisa na ya shule. Sare yenye bluu tofauti humtangaza mtoto darasani kuwa kasaidiwa.

Pata mawazo, kisha uuze

Uzi na flaneli havitoki bure, kwa hiyo vipande vingine vishonee vitu vya kuuza. Na ili viuzike, jicho lako lazima lilishwe.

Jumapili baada ya ibada, tazama mikono na kola. Kwenye send-off tazama wale ambao wageni wanawageukia. Mawazo unayoyapenda yachore kwenye daftari lilelile, moja moja: mkono tu, au mfuko tu, siyo gauni zima. Yajaribu kwanza kwenye kitu kidogo.

Fuatilia pia mafundi wakubwa wa nchi hii. Mustafa Hassanali alianzisha onyesho la mavazi la Swahili Fashion Week jijini Dar es Salaam mwaka 2008, na picha za mavazi ya jukwaa hilo zinapatikana kwenye simu. Mwangalie Asia Idarous Khamsin anavyoifanyia kazi khanga: nguo ile ile ya kujifunga kiunoni inakuwa vazi la jukwaani. Jifunze kwake jinsi pindo linavyowekwa. Ukanda wa pindo chini ya sketi, mwishoni mwa mkono au kifuani unafanya kazi ya urembo bila kuongeza chochote.

Mahali pazuri pa kuanzia ni mkoba. Vipande viwili vya sentimita 38 kwa 42, bitana ya jinzi kuukuu, mikanda miwili ya urefu wa sentimita 60 iliyokunjwa mara nne. Mwisho wa kila mkanda ushone kwa mraba wenye msalaba katikati, ubebe ndizi na viazi bila kung'oka. Bei usiibahatishe: jumlisha uzi, bitana, nauli na saa zako. Ukienda Tukuyu siku ya soko beba minne mitano, siyo ishirini. Utaona haraka rangi ipi inaondoka, na mingine utaipeleka soko la Mwanjelwa, Mbeya.

Mkiwa wachache, fungueni daftari la pamoja kama la kikoba. Mmoja akate, mwingine ashone, mwingine apige pasi na kukagua. Mkaguzi asiwe aliyeshona. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ofisi ya maendeleo ya jamii itawaeleza masharti.

Cherehani itunze. Unyevu wa Rungwe unakula chuma. Ifute kila jioni, ifunike kwa nguo siyo nailoni, itie mafuta ya cherehani, kisha shona kwenye kitambaa kibovu mpaka mafuta yaishe kuchafua. Sindano zichome kwenye kipande cha sufu kilichotiwa mafuta kidogo.

Siku ya kupeleka, nenda asubuhi na upeleke kwa yule uliyemuuliza mwanzoni. Kabidhi kwa orodha: idadi na saizi. Picha za akina mama na wasichana ziache. Kama kikundi kinahitaji kumbukumbu, pigeni picha ya kofia mezani.

Baada ya mwezi mmoja rudi, na tepu mkononi. Muulize muuguzi kofia zipi zilibana, zipi zilishuka mpaka machoni, zipi hazikuguswa. Pima palepale, andika namba mpya, na kata kadibodi nyingine ukifika nyumbani.