Afya ya Mama: Kujikinga na Maambukizi ya Mkojo Baada ya Upasuaji

Mama anapotoka katika chumba cha upasuaji, jamaa huuliza kuhusu kidonda: kimekauka? Nyuzi zitatolewa lini? Ni wachache wanaouliza kuhusu mkojo. Hata hivyo, maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi huyaita UTI, huwapata wanawake wengi baada ya upasuaji wa sehemu ya chini ya tumbo, ukiwemo wa kujifungua, wa kuondoa kizazi au uvimbe wake, wa kuinua kizazi kilichoshuka na wa kurekebisha fistula. Sehemu kubwa ya maambukizi hayo yanaweza kuzuiwa.

Chanzo cha tatizo

Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, takribani sentimita 4, na iko karibu na njia ya haja kubwa wanakoishi bakteria wa E. koli. Wakati wa upasuaji, daktari huweka mpira wa mkojo ili kibofu kisijae. Mpira huo ni wa lazima, lakini pia ni daraja ambalo bakteria hupitia hadi kwenye kibofu. Kila siku unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7.

Akiwa wodini

Mgonjwa au jamaa anayemtunza ana haki ya kumuuliza muuguzi kila asubuhi: "Je, mpira huu bado unahitajika?" Swali hilo halimkosei mtu heshima. Baada ya kujifungua kwa upasuaji bila matatizo, mara nyingi mpira hutolewa kabla ya siku moja kuisha. Aliyerekebishwa fistula ni tofauti: mpira wake hukaa siku nyingi ili mshono wa kibofu upone, naye hafai kuomba utolewe kabla ya wakati.

Mpira ukiwa bado upo:

- Mfuko wa mkojo uwe chini ya kiwango cha kibofu wakati wote, hata mgonjwa anapotembea, lakini usiguse sakafu.
- Mpira usipinde wala kulaliwa, na usitenganishwe na mfuko wake.
- Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kuushika.
- Sehemu za siri zioshwe kila siku kwa maji safi na sabuni ya kawaida.

Mpira ukitolewa, mama anatarajiwa kukojoa ndani ya saa 6 hivi. Akishindwa, au akitoa matone tu huku tumbo likijaa, amwambie muuguzi mara moja. Mkojo unaobaki kwenye kibofu huwapa bakteria mahali pa kuzaana.

Akiwa nyumbani

Wengine hupunguza maji kwa sababu choo kiko nje, usiku ni baridi na kidonda kinauma. Ni afadhali kuwe na ndoo safi yenye kifuniko chumbani kuliko mama kubana mkojo hadi asubuhi. Vilevile, anayesafiri kutoka hospitali ya mjini hadi Kuresoi au Subukia akojoe kabla ya kupanda matatu na asione haya kumwomba dereva asimame njiani.

Lita 2 hivi za vinywaji kwa siku zinawatosha wengi, isipokuwa pale daktari amesema vingine kwa sababu ya moyo au figo. Hapa Bonde la Ufa, visima vingi vina madini mengi ya floridi, na kuchemsha maji huua viini lakini hakuondoi floridi. Maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri na kutibiwa, au yaliyochujwa kwa kichujio cha floridi, yanafaa zaidi.

Mama ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Asioshe ndani ya uke kwa dawa ya kuua viini, wala asiweke mitishamba humo. Ale mboga na matunda ili choo kisiwe kigumu. Tendo la ndoa lisubiri hadi daktari aseme amepona, kwa kawaida baada ya wiki 6 hivi. Baadaye, kukojoa mara tu baada ya tendo hilo husaidia.

Dawa za kujikinga

Kabla ya kupasua, mgonjwa hupewa antibayotiki kukinga kidonda. Hiyo ni sawa. Kosa ni kuendelea kununua vidonge kwenye duka la dawa "ili UTI isije". Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliowahusisha wanawake 159 waliokuwa na mpira baada ya upasuaji wa aina hii, ulionyesha kuwa vidonge vya antibayotiki havikupunguza maambukizi. Dawa zinazotumiwa ovyo huwafanya bakteria wawe sugu, na siku ugonjwa unapokuja kweli, dawa ya bei nafuu haifanyi kazi tena.

Dalili za kurudi hospitalini

Mama akihisi kuchomeka anapokojoa, akienda haja ndogo mara kwa mara, au mkojo ukiwa na damu, aende kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu akiwa na karatasi alizopewa aliporuhusiwa kwenda nyumbani. Mkojo upimwe kabla ya kuanza dawa, na dozi imalizwe hata kama maumivu yameisha.

Dalili nyingine ni za dharura: homa na kutetemeka, maumivu ya mgongo upande wa figo, kutapika, kushindwa kukojoa kabisa, au mkojo kuvuja wenyewe bila kukoma. Kwa hizi, asingoje tarehe ya kliniki. Afikishwe siku hiyohiyo katika hospitali iliyo karibu, iwe Molo, Gilgil, Naivasha au Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti mjini Nakuru.

Maswali ya kujadili katika chama

1. Kwa nini mpira wa mkojo usikae zaidi ya siku zinazohitajika?
2. Nani nyumbani atamsaidia mama kupata maji na ndoo ya usiku?
3. Ni dalili zipi ambazo hazifai kusubiri hadi kesho?