Shukrani Altareni na Gunia Shambani

Nchi ya Njombe imeinuka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka, na katika miezi ya Juni na Julai sakitu yaweza kuunguza shamba la viazi kwa usiku mmoja. Mkulima wa huko hahitaji kuhubiriwa sana kwamba mavuno ni zawadi. Ndiyo maana, mavuno yakipatikana, watu huja kanisani na vipaji vyao: debe la mahindi, kapu la viazi, pengine jogoo aliyefungwa miguu, na vigelegele hupigwa mpaka altareni. Desturi hiyo ni njema sana. Neno lenyewe Ekaristi latoka katika Kiyunani, na maana yake ni kushukuru.

Lakini sasa tutoke altareni, twende shambani.

Hakuna mtu wa Njombe asiyeijua lumbesa. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezwa kichwa juu yake na kushonwa kwa kamba, hata lifanane na watu wawili waliobebana. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja tu. Sheria ya Vipimo yakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa hupita hapo bila haya. Malori huteremka nayo mpaka Makambako, panapokutana barabara itokayo Songea na Njombe na ile kuu iendayo Mbeya na Zambia, kisha hushika njia ya Dar es Salaam.

Huenda mnunuzi yule Jumapili yumo kanisani, benchi la mbele, naye atoa bahasha nene ya shukrani kwa kuwa biashara imemwendea vizuri. Simhukumu mtu, lakini swali haliepukiki: anamshukuru Mungu kwa lipi? Kwa viazi vya jirani ambavyo hakuvilipia? Nabii Amosi aliwaona watu wa namna hiyo zamani sana. Walishika Sabato kwa mwili, huku mioyo yao ikihesabu saa ili iishe upesi, warudi kupunguza kipimo na kupotosha mizani. Mungu alizikataa sikukuu zao na nyimbo zao.

Mkulima naye asicheke upesi. Yuko apangaye viazi vikubwa juu, na vilivyooza akavificha katikati ya gunia.

Katika Injili ya Luka, sura ya 18, liko jambo ambalo wengi hulipita haraka. Yule Farisayo hekaluni hakuanza kwa kuomba mali wala kwa kunung'unika. Alianza kwa kushukuru! Shukrani yake ilikuwa ndefu na yenye mpango, lakini ilimzunguka yeye mwenyewe, na jirani yake alitajwa humo kwa dharau tu. Mtoza ushuru alisimama mbali, hakuthubutu kuinua macho, naye ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Sura inayofuata yatuletea mtoza ushuru mwingine, Zakayo, aliyempokea Bwana nyumbani mwake. Huyu furaha yake ilikwenda moja kwa moja kwenye hesabu: aliyemdhulumu atarudishiwa mara nne.

Basi, enyi akina baba na akina mama, sala ya mezani tuwafundishe watoto, nao waizoee tangu wadogo. Lakini watoto wana macho. Wakitusikia twamshukuru Mungu kwa ugali, kisha wakatuona twashindilia gunia la mjane kwa goti, wataamini lipi?

Bwana wetu alisema kwamba mtu akiwa mbele ya altare na sadaka yake, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo na kwenda kupatana kwanza. Mnunuzi aweza kwenda shambani na mizani, akalipa kwa kilo. Na yule amkumbukaye mkulima aliyempunja msimu uliopita, njia ya kurudi kijijini kwake aijua.