Baiskeli ya ndani ya boksi

Swali: Fundi, nimemwagizia mwanangu wa skuli baiskeli mtandaoni. Imeshuka bandarini Malindi, imo ndani ya boksi, haijafungwa. Naweza kuifunga mwenyewe? – Mama, Bububu

Jibu: Unaweza mama, ila pedeli zisikuponze. Zimeandikwa R na L. Ya kulia, R, hukazwa kwa kufuata mshale wa saa. Ya kushoto, L, hukazwa kinyume chake. Paka grisi, anza kuizungusha kwa vidole, ndipo ushike spana namba 15. Ikigoma, itoe uanze tena. Ukiilazimisha utaharibu tundu la mkono wa pedeli, na hapo itabidi ununue mkono mpya.

Foki iliyopinda huelekea mbele. Wengi huifunga kinyumenyume. Shina la usukani lina alama ya mwisho: alama hiyo izame ndani ya bomba, isionekane kabisa. Upepo wa tairi umeandikwa ubavuni mwake.

Breki ndizo roho ya mtoto. Mpira wake ubane rimu, usiguse tairi. Baiskeli nyingi za nje breki ya mbele huwa mkono wa kushoto, nyingine kulia. Mwoneshe mwanao ipi ni ipi, kwani ya mbele ikibanwa ghafla kwenye mchanga humwangusha.

Ajaribu kwanza uwanjani. Na kabla hajaingia barabara ya Mjini pamoja na daladala, nakuomba mama, fundi wa mtaani kwenu akague kila nati.