SOMO LA 9: MDUDU DUMUZI NA WALINZI WA GHALA

Kazi ya mkulima haiishi siku ya kuvuna. Mahindi yakishaingia kihengeni bado yana adui.

Tuchukue mfano wa kaya moja ya watu 6. Kaya hii imevuna magunia 12 ya mahindi. Wamekaa wakapiga hesabu. Magunia 8 yatakuwa chakula mpaka mavuno mengine. Magunia 4 watayauza bei itakapopanda, wapate fedha za mabati na sare za watoto. Hesabu hii ni nzuri. Lakini dumuzi akiingia anaweza kula hata theluthi moja ya mahindi katika muda wa miezi 3 hadi 6.

12 ÷ 3 = 4

Magunia 4 yamekwenda. Ndiyo yale ya mabati na sare.

Wengine humwogopa mdudu huyu hata wakauza mahindi mara tu baada ya kuvuna. Wakati huo kila mtu anauza, na bei iko chini. Ikifika masika ghala ni tupu. Basi mkulima hununua mahindi dukani kwa bei kubwa, pengine ni yale yale aliyouza mwenyewe.

Dumuzi ni nani?

Watu wengi humchanganya dumuzi na fukusi. Fukusi tunamjua tangu zamani. Ana mdomo mrefu, kama mkonga mdogo wa tembo. Dumuzi hana mkonga. Mwili wake ni wa mviringo kama kipande cha kijiti, rangi yake ni kahawia nzito, na urefu wake ni milimita 3 hadi 4 hivi. Kichwa chake kimeinama chini, hata ukimtazama kwa juu hukioni. Nyuma amekatika wima, kama gogo lililokatwa kwa msumeno.

Fukusi hutoboa punje. Dumuzi huisaga. Ukiona unga mwingi chini ya kihenge, na magunzi yamebaki na maganda matupu, jua ni yeye. Hula pia makopa ya muhogo. Hutoboa hata miti ya kihenge chenyewe, akajificha humo akingoja mavuno mapya. Baadhi ya watu humwita Scania, kama yale malori makubwa.

Kwao si hapa. Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na wa kwanza kuumia walikuwa wakulima wa mkoa wa Tabora. Mwaka 1983 alionekana Kenya, upande wa Taveta. Mwaka 1984 alionekana Togo, Afrika ya Magharibi. Hakuruka kwa mabawa yake umbali wote huo. Husafiri ndani ya magunia.

Wataalamu waligundua nini?

Mwanzoni wakulima walitumia dawa waliyoizoea. Fukusi walikufa, dumuzi wakaendelea kula. Watu wakasema dawa ni bandia. Kumbe dawa ilikuwa ya kweli, ila mdudu alikuwa mwingine. Wataalamu wa wadudu wakamchukua dumuzi, wakamweka katika chupa pamoja na mahindi, wakamchunguza anavyokula na anavyozaa.

Jambo la kwanza waliloliona ni hili. Dumuzi hutoboa vizuri punje iliyoshikwa imara. Mahindi yakiwa bado kwenye gunzi, punje zimebanana, hazitikisiki. Hapo hupata nguvu ya kusukuma kichwa chake, akachimba njia na kutaga mayai ndani. Punje zilizopukuchuliwa huchezacheza, naye hupata shida. Sasa fikiri: wazee wetu walihifadhi mahindi na magunzi yake, darini au kihengeni. Kwa fukusi njia hiyo ilifaa. Kwa dumuzi ni kumtandikia kitanda. Wazee hawakukosea. Mdudu huyu hawakuwa naye.

Jambo la pili ni la dawa. Kuna dawa inayoua fukusi vizuri lakini haimwezi dumuzi. Kuna nyingine inayomuua dumuzi lakini ni dhaifu kwa fukusi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wakachanganya hizo mbili katika unga mmoja. Wakulima wakaambiwa: pukuchua, changanya na dawa, kisha hifadhi. Njia hiyo iliokoa maghala mengi.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mdudu mwingine aliletwa Togo na Kenya kutoka huko huko Amerika ya Kati. Huyu humla dumuzi. Husaidia kumpunguza porini, lakini usimtegemee akulindie kihenge chako.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza kausha. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu nyingine huacha sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo usianike mahindi juu ya udongo mtupu. Tandika turubai au mkeka.

Kujua kama yamekauka, chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia mahindi kiasi cha robo ya chupa, kisha vijiko 2 au 3 vya chumvi kavu. Funga. Tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Rudisha juani.

Kisha pukuchua. Kupiga mahindi kwa fimbo huvunja punje, na punje iliyovunjika ni mlango uliofunguliwa. Mashine ya kupukuchua iliyorekebishwa vizuri ni bora. Peta, toa pumba na punje mbovu. Choma magunzi ya zamani yenye wadudu, fagia kihenge chote.

Ukitumia dawa, soma karatasi yake mwenyewe. Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Tafuta mambo manne: ni ya mahindi yaliyovunwa? Inaua dumuzi? Kipimo ni kiasi gani kwa gunia? Ungoje siku ngapi kabla ya kula? Dawa ya pamba isiwekwe kwenye chakula kamwe, hata jirani akikuapia.

Siku hizi ipo pia mifuko isiyopitisha hewa. Ndani ina mifuko miwili ya plastiki, nje kiroba cha kawaida. Kila mmoja hufungwa peke yake, kwa nguvu. Wadudu walio ndani hutumia hewa iliyomo mpaka inapungua, wakaacha kula, wakafa. Hakuna dawa. Mtindo huu ulianza na kunde huko Kamerun, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kazi ya chuo kikuu cha Purdue cha Marekani. Bei yake ni kubwa kuliko kiroba, nayo hutoboka isipotunzwa. Lakini linganisha bei hiyo na gunia zima la mahindi. Na usiufungue kila siku kuchota, maana kila ukifungua hewa huingia.

Kazi zilizomo

Zamani tukisema mtaalamu wa kilimo tulimfikiri bwana shamba na baiskeli yake. Bado yupo, siku hizi ana pikipiki, na mabibi shamba ni wengi. Lakini hesabu watu waliomo katika somo hili. Yupo anayechunguza wadudu. Yupo mkemia anayepima dawa na sumukuvu. Yupo fundi wa mashine ya kupukuchua, na kijana anayeizungusha nyumba kwa nyumba kwa malipo ya kila gunia. Yupo muuza dawa, ambaye lazima ajue anachouza. Yupo mtunza ghala, ambaye hupima unyevu kwa kifaa kabla ya kupokea mahindi.

Mafunzo ya kilimo hutolewa katika vyuo kama Ilonga, Ukiriguru na Uyole, na elimu ya juu katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984. Vyuo hutazama masomo ya sayansi, hasa baiolojia na kemia. Binti yako akipenda kufuga wadudu kwenye chupa, usimfokee.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini dumuzi hupenda mahindi yaliyo kwenye magunzi?
2. Kaya imevuna magunia 18. Dumuzi amekula theluthi moja. Yamebaki mangapi?
3. Katika kijiji chetu, nani ana mashine ya kupukuchua? Kikundi kinaweza kununua moja?
4. Leteni darasani karatasi ya dawa ya ghala. Kila mmoja asome kipimo kwa sauti.